Nani kashika kura? Kuchagua aina ya jaribio katika utafiti wa saikolojia

Mwaka jana mwanafunzi mmoja wa shahada ya kwanza aliniletea ukurasa mmoja wa pendekezo lake la utafiti. Kichwa kilisema: "Athari za simu ya mkononi kwa umakini wa wanafunzi wa chuo." Kwenye sehemu ya mbinu aliandika maneno mawili tu: "Nitatumia jaribio." Nikamuuliza jaribio gani. Akanitazama kama nimemtega.

"Kwani yapo mangapi, mwalimu?"

Yapo manne ambayo mtu wa saikolojia hukutana nayo mapema: la maabara, la uwandani, la asilia na nusu-jaribio. Mara nyingi hufundishwa kama ngazi, la maabara juu kabisa na nusu-jaribio chini mlangoni, na mwanafunzi anatoka darasani akiamini kwamba kuchagua ni kupanda kadiri mfuko unavyoruhusu. Ngazi hiyo mimi siikubali. Mtu akija kwangu anachagua, namuuliza kwanza swali moja: nani kashika kura?

Maana jaribio hulinganisha watu waliopata kitu na wasiokipata, na jambo la kwanza la kujua ni nini kilichowatenganisha. Ukipiga kura wewe, kwa shilingi, kwa vikaratasi kwenye kofia au kwa kompyuta, basi mvivu na mwenye bidii, aliyelala njaa na aliyeshiba, wote wana nafasi sawa ya kuangukia upande wowote. Hapo tofauti ikitokea una haki ya kuihusisha na kile ulichowapa. Kwenye maabara na uwandani kura ni yako. Kwenye jaribio la asilia kura imepigwa na kitu kingine: mapinduzi, sheria mpya, mnara wa televisheni uliochelewa. Kwenye nusu-jaribio hakuna kura kabisa. Watu wamekuja na makundi yao kutoka nyumbani.

Kura ikiwa mkononi mwako: maabara au uwandani

Neno maabara huwatisha watu bure. Darasa tupu, meza, saa ya kupimia muda na mlango unaofungika vinatosha. Kinachoifanya iwe maabara ni kwamba unabadilisha kitu kimoja na kuvishika vingine vyote visitikisike.

Mfano ninaoupenda ni wa Elizabeth Loftus na John Palmer, uliochapishwa 1974. Wanafunzi 45 wa Marekani walionyeshwa filamu fupi za ajali za magari, kisha wakaulizwa magari yalikuwa na mwendo gani. Swali lilikuwa lile lile kwa wote, isipokuwa kitenzi. Wengine waliulizwa mwendo wakati magari "yalipobamizana", wengine "yalipogusana". Waliosikia kubamizana wakakadiria zaidi ya maili 40 kwa saa. Waliosikia kugusana wakakadiria karibu 32. Katika sehemu ya pili walichukua watu 150, na baada ya wiki moja wakawauliza kama waliona vioo vilivyovunjika. Kwenye filamu hapakuwa na kioo kilichovunjika. Kati ya watu 50 walioulizwa kwa kitenzi kikali, 16 walisema waliviona. Kati ya 50 walioulizwa kwa kitenzi cha kawaida cha kugongana, 7. Neno moja limemwaga vioo barabarani. Huwezi kupata hitimisho safi namna hiyo ukiwa kituo cha polisi unahoji mashahidi wa kweli, maana kila shahidi ameona ajali yake, kwa umbali wake na hofu yake.

Lakini angalia gharama ya usafi huo. Aliyetazama filamu hakusikia breki, hakuona damu, wala hatahukumiwa mtu kwa jibu lake. Tena anajua kwamba yuko kwenye utafiti. Hilo la mwisho kwetu huku lina uzito wa pekee, kwa sababu mshiriki mara nyingi ni mwanafunzi na mtafiti ni mwalimu wake au rafiki wa mwalimu wake. Mtu aliyelelewa kuamkia wakubwa anajitahidi kukisia unataka jibu gani ili akupe. Hakudanganyi, anakustahi.

Mahali penyewe huingia ndani ya jaribio bila wewe kupaalika. Stanley Milgram alipoanza majaribio yake ya utii mwaka 1961, katika chuo kikuu cha Yale, washiriki 26 kati ya 40 waliendelea kubonyeza swichi hadi ya mwisho, volti 450, wakiamini wanamtia mtu umeme. Akahamishia jaribio kwenye ofisi ya kawaida mjini Bridgeport, bila jina la Yale, na waliofika mwisho wakawa chini kidogo ya nusu. Bado ni wengi mno, inatisha. Ila unaona kwamba sehemu ya utii ule ilikuwa ya kuta na jina la chuo.

Sasa toka nje. Jaribio la uwandani huacha watu walipo, kazini, sokoni au kwenye treni, wewe ukabadilisha kitu kimoja katikati ya maisha yao. Mwaka 1966 Charles Hofling na wenzake walichapisha jaribio la hospitali huko Marekani. Muuguzi wa zamu alipigiwa simu na daktari asiyemjua, akaagizwa ampe mgonjwa miligramu 20 za dawa iitwayo Astroten. Dawa haikuwa ya kweli, ila kichupa kilikuwepo kabatini, na lebo yake ilisema dozi isizidi miligramu 10. Tena amri kwa simu zilikuwa kinyume cha kanuni. Wauguzi 21 kati ya 22 walikuwa njiani kutoa dawa walipozuiwa.

Sehemu ya utafiti huo ninayoirudia kila mara ni nyingine, haina simu wala kichupa. Hofling aliwaelezea wauguzi wengine kisa hicho hicho kwa maneno na kuwauliza wangefanya nini. Kati ya 12, kumi walisema wasingeitoa. Wanafunzi wa uuguzi 21 wote walisema wasingeitoa. Kwa hiyo ukiniletea dodoso lenye swali "Je, ungetii amri usiyoiamini?" ukaliita jaribio, nitakurudishia. Dodoso lina kazi yake, lakini linapima mtu anavyojiona. Astroten ilipima anavyofanya.

Hata hivyo usiuchukulie uwandani kuwa ukweli mtupu. Mwaka 1977 Rank na Jacobson walirudia kisa cha Hofling kwa kubadilisha mambo ambayo yanaonekana madogo: dawa ikawa Valium, ambayo wauguzi waliijua vizuri, na muuguzi akawa na nafasi ya kushauriana na wenzake. Waliokuwa tayari kuitoa walikuwa 2 kati ya 18. Hapo si kwamba mmoja alikosea. Muuguzi aliye peke yake na dawa ngeni si yule aliye na mwenzake na dawa anayoijua, na wewe unayechagua uwandani lazima uamue ni muuguzi yupi unamtaka.

Uwandani pia mambo yanakuponyoka. Jaribio la treni za chini ya ardhi za New York, la Piliavin na wenzake, lililochapishwa 1969, lilimtumia kijana anayeanguka ghafla ndani ya behewa, safari nyingine akiwa na fimbo ya kutembelea, nyingine akinuka pombe na kushika chupa. Abiria karibu 4,450 waliyashuhudia maigizo hayo bila kujua. Mwenye fimbo alisaidiwa mara 62 kati ya 65, mlevi mara 19 kati ya 38. Mtu makini atauliza mbona 65 kwa 38, si nusu kwa nusu? Sababu mojawapo ni kwamba mmoja wa waigizaji hakupenda kuigiza mlevi, akaigiza mwenye fimbo siku isiyo yake. Kisha mgomo wa wanafunzi ukaivuruga ratiba iliyobaki. Ndani ya chumba chako ungemrudisha kwenye zamu yake. Kwenye treni, imeshapita.

Na kuna jirani. Huyu ndiye anayewaangusha wengi wanaofanya uwandani kwenye jamii zetu, ambako hakuna kitu kinachobaki cha mtu mmoja. Unaigawa shule nusu kwa nusu, hawa wafundishwe mbinu ya kutuliza wasiwasi kabla ya mtihani, wale wasifundishwe, na jioni bwenini wote wanafundishana. Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walilijua hilo walipopima kama fedha taslimu bila masharti hubadilisha hali ya nafsi ya watu wa Rarieda, magharibi mwa Kenya, fedha zilizotolewa na shirika la GiveDirectly. Kura yao ilipigwa mara mbili: kwanza vijiji, kisha kaya ndani ya vijiji vilivyopata. Hivyo wakaweza kumlinganisha aliyepata na jirani yake aliyekosa, na pia na mtu wa kijiji cha mbali kisichopata chochote. Matokeo yalichapishwa 2016. Waliopewa walisema wana furaha zaidi na wameridhika zaidi na maisha, ingawa kortisoli, homoni ya msongo iliyopimwa kwenye mate, kwa wastani haikuonyesha tofauti. Ukisoma utafiti mmoja tu kabla ya kwenda uwandani, soma huo, hata kama fedha si mada yako, uone kura mbili zinavyofanya kazi.

Kati ya hizi mbili, basi, uchague ipi? Mimi naangalia kitenzi kilichomo kwenye swali la utafiti. Ukiuliza kuhusu kukumbuka, kuona, kusikia, kugawa umakini, yaani mambo yanayotokea kichwani kwa sekunde chache, kaa maabara. Ukiuliza kuhusu kusaidia, kutii, kunawa mikono, kulipa deni, mambo ambayo mtu huyafanya mbele za wenzake na yana gharama kwake, toka nje. Chumbani utapata adabu tu. Lipo pia suala la ridhaa. Maabara unaomba ridhaa mlangoni. Kwenye treni ya New York hakuna aliyeombwa, na leo kamati nyingi za maadili zingekukatalia kumwangusha mtu mbele ya watu 4,450 wasiojua kitu.

Kura ya matukio, na mahali pasipo na kura

Yapo maswali ambayo hakuna kamati itakayokuruhusu uyapigie kura. Huwezi kuwanyima watoto wachanga malezi ili uone akili zao zitakuwaje. Lakini dunia hufanya hivyo bila kuomba kibali, na mtafiti hufika baadaye na daftari lake. Hilo ndilo jaribio la asilia.

Romania ndiyo mfano wa kukaa nao, kwa sababu swali hilo moja lilijibiwa kwa njia mbili. Utawala wa Ceaușescu ulipoanguka Desemba 1989, dunia iliona makazi ya watoto yaliyojaa, watoto wakilala kwenye vitanda vya vizuizi bila mtu wa kuwabeba. Wengi walichukuliwa na familia za nje. Michael Rutter na wenzake Uingereza wakafuatilia watoto 165 walioasiliwa kutoka Romania, pamoja na 52 walioasiliwa ndani ya Uingereza. Tarehe ya mapinduzi ndiyo iliyokuwa kura: mtoto mmoja aliondoka akiwa na miezi mitatu, mwingine miaka mitatu, kutegemea alizaliwa lini kabla milango haijafunguliwa. Walioondoka kabla ya miezi sita kwa kiasi kikubwa waliwafikia wenzao. Waliokaa zaidi ya hapo wengi walibaki na matatizo kwa miaka mingi.

Shaka moja haikuondoka, nayo ni shaka ya kila jaribio la asilia: tarehe haikuchagua peke yake. Familia iliyokwenda kuchukua mtoto ilichagua pia, na huenda ilimchukua aliyetabasamu. Hapo ndipo ulipokuja mradi wa Bucharest, mji mkuu wa Romania. Charles Nelson na wenzake walichukua watoto 136 waliokuwa kwenye makazi na wakapiga kura ya kweli: nusu wakapelekwa kwa familia za malezi zilizoandaliwa na mradi, nusu wakaendelea na utaratibu uliokuwepo. Matokeo yalitoka 2007. Walipofika miezi 54, wastani wa kipimo cha akili ulikuwa 81 kwa waliokwenda kwenye familia na 73 kwa waliobaki, wakati watoto wa mji huo ambao hawajawahi kukaa kwenye makazi walikuwa na 109. Wengi huuliza, na wana haki, inakuwaje mtu apige kura juu ya mtoto? Jibu la watafiti lilikuwa kwamba malezi ya familia ya aina hiyo karibu hayakuwepo Bucharest wakati huo, kwa hiyo mradi haukumwondolea mtoto nafasi aliyokuwa nayo, na mtoto wa kundi lililobaki hakuzuiwa kutoka familia ilipopatikana. Mimi jibu hilo nalikubali kwa shingo upande. Lakini nikiwaweka Rutter na Nelson pamoja, kila mmoja anaziba tundu la mwenzake: wa kwanza ana miaka mingi na maisha yalivyo, wa pili ana kura.

Karibu na nyumbani kuna kisa cha madini joto. Kuanzia 1986 Tanzania iligawa vidonge vya mafuta yenye madini hayo kwenye wilaya zilizosumbuliwa na uvimbe wa tezi shingoni. Ugawaji ulichelewa hapa, ukaruka mwaka kule, na katika kuyumba huko Erica Field na wenzake, mwaka 2009, waliona kura: watoto ambao mama zao walikingwa wakati wa ujauzito walisoma madarasa zaidi kuliko wenzao, hasa wasichana. Ni wazo zuri sana. Lakini nani hasa alipata kidonge, na mwezi gani wa mimba, ilibidi ikadiriwe, na waliorudia hesabu hizo baadaye wamebishana: makadirio yakibadilika kidogo matokeo nayo yanayumba. Ukichagua asilia, unategemea kumbukumbu zilizoandikwa na mtu mwingine kwa kazi nyingine. Zikague kabla hujaahidi lolote kwa msimamizi wako.

Tena tukio moja ni tukio moja. Mji mmoja wa Kanada uliopewa jina la kupanga Notel ulichelewa kupata televisheni hadi 1973 kwa sababu ulikuwa bondeni na mawimbi hayakufika. Tannis MacBeth Williams aliwapima watoto kabla na miaka miwili baadaye, ukali wao ulikuwa umepanda. Kisiwa cha St Helena, katika Bahari ya Atlantiki, kilipata televisheni 1995, na Tony Charlton hakuona watoto wakiharibika. Nani asadikiwe? Kisiwa kidogo ambacho kila mtu anamjua mtoto wa kila mtu si bonde la Kanada, na hakuna wa kukurudishia mwaka 1973 ujaribu tena.

Nusu-jaribio ni jambo jingine, na linafichwa mno. Unapolinganisha wanaume na wanawake, vijana na wazee, shule ya kutwa na ya bweni, hujamgawa mtu yeyote.

Mimi mwenyewe niliingia mkenge. Nilipokuwa nasoma nilifanya utafiti katika shule moja ya sekondari, kidato cha pili, mikondo miwili. Mkondo A nikawafundisha kukumbuka maneno kwa kuyatungia hadithi. Mkondo B nikawaacha wakariri kama walivyozoea. A wakawapita B kwa mbali. Nikafurahi siku tatu. Siku ya nne mwalimu wa taaluma, bila hata kujua kwamba ananivunja, akaniambia, "Mkondo A si ndio wale tuliowachuja kwa matokeo ya kidato cha kwanza?" Kazi ya miezi miwili ikalala. Ningeweza kupiga kura ndani ya kila mkondo, nusu hadithi, nusu kukariri. Au, kama shule isingeruhusu kuvunja darasa, ningewapima wote kabla ya kuanza, nikalinganisha walivyopanda badala ya walipofika.

Hiyo njia ya pili, ya kabla na baada, ndiyo inayoliokoa nusu-jaribio. Louis-Philippe Beland na Richard Murphy waliitumia kwenye shule 91 za miji minne ya Uingereza zilizopiga marufuku simu kila moja kwa wakati wake. Kila shule ililinganishwa na yenyewe kabla ya marufuku, na pia na zile ambazo hazijaanza. Waligundua kwamba alama zilipanda, hasa za wanafunzi waliokuwa nyuma. Watafiti wa Sweden wakarudia kwa shule za kwao, hawakuona kitu. Kwa maoni yangu hayo mawili yakisomwa pamoja yana faida kuliko moja lililosomwa kwa shangwe.

Kuna nyakati nusu-jaribio ndilo pekee linaloweza kujibu. Bettina Lamm na wenzake, 2018, walimpa mtoto wa miaka minne kitu kitamu, wakamwambia akisubiri atapata cha pili. Watoto wa Wanso wa Kameruni, waliowekewa andazi la kwao, walisubiri karibu asilimia 70. Wa Ujerumani hawakufika 30. Nani atapiga kura mtoto azaliwe Kameruni au Ujerumani? Hapo unalinganisha, unaeleza unachojua kuhusu malezi ya pande zote mbili, na unajizuia. Kujizuia kwenyewe kunaanzia kwenye kichwa cha habari. Tasnifu zetu nyingi huanza na "Athari za..." hata pale ambapo hakuna aliyepiga kura. Kama hukugawa wewe wala tukio, andika "Tofauti kati ya..." na utalala usingizi siku ya utetezi.

Watu walewale, au makundi mawili?

Uamuzi huu husahaulika hadi dakika ya mwisho, na ndio unaoamua utatafuta watu 30 au 60. Unaweza kumpima mtu yuleyule katika hali zote mbili, au kila hali iwe na watu wake.

Watu walewale ni nafuu na makini zaidi, kwa sababu kila mmoja analinganishwa na nafsi yake; mwepesi wa kusoma ni mwepesi pande zote. Jaribio la rangi la Stroop, la 1935, limekaa vizuri namna hii: neno "nyekundu" limeandikwa kwa wino wa bluu, nawe utaje rangi ya wino. Ulimi unakwama. Ukilifanya kwa Kiswahili, kumbuka kwamba "bluu" na "njano" ni silabi mbili, "nyekundu" na "kijani" ni tatu, na wewe unapima sehemu za sekunde. Kila rangi itokee mara sawa katika kila hali, la sivyo utakuwa unapima urefu wa maneno.

Ubaya wake ni mpangilio. Raundi ya pili mtu amezoea, au amechoka. Dawa ni nusu waanze na hali hii, nusu na ile, na hapo kura inarudi tena. Lakini dawa hiyo haiponyi kila kitu. Jaribio la Loftus huwezi kulifanya kwa watu walewale: ukishamuuliza mtu "yalipobamizana" kisha "yalipogusana", ameshajua unawinda nini. Popote palipo na siri au funzo lisilosahaulika, tumia makundi mawili, ukubali kutafuta watu wengi. Kuoanisha watu wawili wawili wanaofanana, umri kwa umri, alama kwa alama, ni njia ya katikati. Kwa uzoefu wangu inachosha kuliko inavyolipa.

Muda na kibali

Kwa aliye na muhula mmoja, maabara ndiyo inayomalizika. Uwandani hula nauli, ruhusa za mkuu wa shule na mtendaji wa kijiji, na mvua. Asilia huwezi kuipangia. Ama tukio lipo na kumbukumbu zake zinapatikana, ama hakuna. Kibali kianze mapema kuliko unavyodhani: kamati ya maadili ya chuo chako, na juu yake, Tanzania utafiti unaogusa afya hupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, Kenya leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Nimeona wanafunzi wakibadilisha aina ya jaribio kwa sababu tu barua ilichelewa wiki sita. Si aibu, ila iandikwe hivyo.

Usinakili kipimo cha wengine kilivyo, vilevile. Joseph Henrich na wenzake waliandika mwaka 2010 kwamba asilimia 96 ya sampuli za utafiti wa saikolojia, kwa hesabu waliyoinukuu, zilitoka kwenye nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Kipimo kilichotafsiriwa kwa haraka kitapima Kiingereza cha mshiriki. Mpe mtu mmoja akitafsiri, mwingine asiyeona cha kwanza akirudishe kilikotoka, kisha mketi mlinganishe.

Yule binti wa simu tulimweka hivi. Umakini hutokea kichwani kwa sekunde, basi maabara. Umakini hutofautiana mno kati ya mtu na mtu, basi watu walewale mara mbili: simu ikiwa mezani imezimwa mlio, na simu ikiwa chumba cha pili, nusu waanze hivi, nusu vile, na seti mbili za maswali zenye ugumu sawa. Hali hizo aliziazima kwa Adrian Ward na wenzake wa chuo kikuu cha Texas, ambao mwaka 2017 waliripoti kwamba simu iliyoachwa chumba kingine huiacha akili nyepesi zaidi. Waliorudia jaribio hilo hawakukubaliana wote, na hiyo ilikuwa sababu tosha ya yeye kulifanya. Neno "Athari" akaruhusiwa kubaki nalo.

Akanunua kikapu sokoni cha kukusanyia simu, akajaribisha kwa wenzake sita. Ikawa kinyume cha Texas: simu zikiwa chumba cha pili walifanya vibaya zaidi. Alipowauliza, wanne kati ya sita walimjibu kitu kimoja: walikuwa wanawaza nani anakilinda kikapu.

Basi akaazima kabati la chuma lenye vimlango vya kufuli, kila mshiriki afunge simu yake na ufunguo akae nao. Wiki iliyofuata alinipigia.

"Mwalimu, ufunguo wauweke mezani au mfukoni?"